Namna ya Kuvuka Bahari na Mtu Anayekataa Kuvaa Viatu

Kabla ya kununua tiketi, amueni nani anaongoza safari. Baba hudhani ni yeye kwa kuwa ndiye aliyelipa nauli. Mama hudhani ni yeye kwa kuwa pasipoti zote zimo mkobani mwake. Wote wawili wamekosea. Mkuu wa msafara ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Yeye ndiye anayeamua msafara usimame wapi, ule nini na ulale saa ngapi, na akivua viatu katikati ya foleni ya uhamiaji, foleni nzima itasubiri. Wazazi wanaolikubali hili wakiwa bado Dar es Salaam hufika wakiwa wanaongea. Wanaolikataa hufika vilevile, ila wamenuniana.

Mfano wangu ni safari ya Dar es Salaam hadi Berlin kupitia Doha, ndege mbili za saa sita hivi kila moja, kumpeleka mtoto kwa mama yake mdogo. Ukienda London, Muscat au Minneapolis mambo mengi ni yale yale; karatasi na majira ya saa ndiyo yanayobadilika.

Karatasi zianze mapema, kwa sababu ya picha. Picha ya pasipoti inataka uso mzima, macho wazi, na mtu mwingine asionekane. Basi mpiga picha anatikisa funguo juu ya kamera, shangazi anapiga makofi nyuma yake, mama amechutama amemshika mtoto kiunoni huku mikono yake imefunikwa kitambaa, na mtoto anatazama feni ya dari. Nendeni saa nne asubuhi, akiwa ameamka vizuri na ameshiba. Msiende saa saba mchana, saa ya usingizi wake, eti kwa kuwa ndiyo nafasi baba aliyopewa kazini. Ratiba ya mkuu wa msafara inaanzia hapo studio.

Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe karibu. Kwa viza ya Schengen, walio chini ya miaka 6 hawalipi ada, wakati mtu mzima hulipa yuro 90 tangu Juni 2024. Alama za vidole hazichukuliwi mpaka mtoto afikishe miaka 12. Bima ya safari naye ni lazima awe nayo, yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa, aweke saini na nakala ya kitambulisho chake, na barua hiyo isafiri mkobani, siyo ndani ya sanduku lililokwisha pimwa na kuondoka. Wapo akina mama wanaokasirika wakiulizwa barua hiyo uwanjani: "Mtoto nimemzaa mwenyewe!" Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Afisa anayekuuliza mtoto huyu ni wa nani anawauliza pia wale wanaovusha watoto wasio wao, na hao ningependa awaulize kwa ukali zaidi.

Kuhusu tiketi, kanuni ya mashirika mengi ni kwamba aliye chini ya miaka 2 hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, na akishatimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake. Angalia tarehe ya kurudi. Akitimiza miaka 2 mkiwa ugenini, mara nyingi safari ya kurudi atadaiwa kiti. Ukiwa na uwezo, mnunulie kiti hata kabla ya umri huo. Mtoto wa kilo 11 anayejinyoosha mapajani mwako kwa saa sita ni mzito kuliko namba hiyo inavyosema. Kuna pia kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza, lakini kina kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 10 au 11, na lazima ukiombe mapema. Aliyekwisha kuanza kutembea hukikalia kitako, akaning'iniza miguu na kuwapungia mkono abiria wote walio nyuma.

Sasa nije kwenye ushauri utakaopewa na kila mtu, kuanzia jirani mpaka muuzaji wa duka la dawa: "Mpe dawa kidogo ya mafua, atalala mpaka mfike." Usimpe. Narudia, usimpe. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi hazikutengenezwa kwa kazi ya kunyamazisha watoto. Kwa mtoto mdogo zinaweza kudhoofisha upumuaji, na kwa watoto wengine hufanya kinyume kabisa: badala ya kulala, anapagawa. Unataka jambo hilo likutokee juu ya Bahari ya Hindi, daktari akiwa hayupo? Mtoto aliyechoka atalala mwenyewe. Kazi yako ni kumchosha kihalali. Fikeni uwanjani mapema, tafuteni kona isiyo na watu katika Jengo la Tatu pale JNIA, mwache akimbie, apande na kushuka viti, ahesabu masanduku ya watu. Mkiingia ndani ya ndege usiku, awe tayari anasugua macho.

Mzigo wa mkononi ndio wa kuufikiria kuliko masanduku. Pampasi za safari nzima na akiba ya siku moja zaidi, kwa sababu ndege huchelewa. Tishu za maji, pakiti mbili. Kikombe chake chenye mdomo. Nguo za kubadilisha, na hapa ndipo watu wanapokosea: kila mtu hukumbuka nguo za mtoto na kusahau za mzazi, ilhali matapishi humfikia mzazi kwanza. Weka blauzi na suruali yako mle mle. Sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 imekuwepo tangu 2006, lakini maziwa na chakula cha mtoto cha kutosha safari kwa kawaida huruhusiwa. Vitoe mwenyewe uvionyeshe kabla hujaulizwa.

Halafu kanga. Kuna vifaa vingi vya watoto wasafiri vinavyouzwa siku hizi, vyenye mifuko, vifungo na zipu, na vyote pamoja havifikii doti moja ya kanga iliyokwisha fuliwa mpaka ikalainika. Ndani ya ndege ni shuka. Akinyonya ni pazia. Chooni, pale mahali pa kubadilishia mtoto penye upana wa kiganja, ni tandiko. Juisi ikimwagika ni taulo, na ukishuka Doha na mikono yote miwili ina mizigo ni mbeleko. Ina pia harufu ya nyumbani, na mtoto anayelala mahali pageni anaitafuta harufu hiyo kwa pua kabla hajafumba macho. Chukua zote mbili, moja italowa. Ujue tu kwamba wakati wa kupaa na kutua mhudumu atakuambia umfungue mgongoni, na ukiwa umempakata atakupa mkanda mdogo unaoshikizwa kwenye mkanda wako. Mtii bila mjadala.

Ndege ikishatulia angani, mkuu wa msafara ataanza ukaguzi wa njia ya katikati. Atatoka safu ya 30 mpaka mapazia ya mbele, arudi, aende tena, akisimama kwa kila mtu aliyeweka kiatu chake nje ya kiti. Mfuate. Usipeleke midoli mikubwa. Vitu vinavyomshika muda mrefu ni vidogo na vya kawaida: kikombe cha karatasi na kifuniko chake, pochi tupu yenye zipu, kitabu cha picha ambacho hajawahi kukiona. Vitoe kimoja kimoja, kwa kupishana, wala usimwonyeshe hazina yote kwa mara moja. Katuni kwenye simu ziwe akiba ya saa ya mwisho, wakati wewe mwenyewe huna nguvu tena.

Saa ya mwisho ndiyo yenye masikio. Ndege inapoanza kushuka, shinikizo la hewa nyuma ya ngoma ya sikio halilingani na la nje, na mtoto hajui kumeza mate kwa makusudi wala kupiga miayo akiambiwa. Lazima umpe sababu ya kumeza: titi, chupa, maji kwa mrija, kipande cha mkate. Usisubiri mpaka magurudumu yateremshwe. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, na kama amelala huo ndio wakati wa kumwamsha, ijapokuwa moyo unakataa.

Na atalia. Hata ukifanya yote haya, kuna mahali atalia, na watu watageuka. Hapa nina neno na wazazi wenzangu. Umeenea mtindo wa kugawia abiria wa jirani vifuko vya pipi na vizibo vya masikio, pamoja na kikaratasi cha kuomba radhi kwa niaba ya mtoto kabla hata hajafanya lolote. Siupendi. Mtoto ni abiria mwenye jina kwenye tiketi, na kilio ndiyo lugha aliyonayo. Mbembeleze, mtembeze, mwimbie kwa sauti ya chini, fanya kila mzazi mwema analofanya. Lakini usimwombee msamaha kwa kuwa mtoto. Pale kwetu, ndani ya basi la Dar kwenda Tanga, mtoto akilia abiria watatu hunyoosha mikono kumpokea. Ndege imejaa watu wale wale, wengi wao akina mama na akina baba, ila mkanda na ukimya vimemfanya kila mtu atazame skrini yake. Anza wewe kusalimia. Na mama mtu mzima wa kiti cha pili akikuambia, "Hebu mlete nimpakate, nawe ule," mpe, kula chakula chako kikiwa cha moto, na umshukuru.

Uwanjani Doha kuna dubu mkubwa wa manjano, wa urefu wa mita 7 hivi, ambaye taa imemtokea kichwani; ni kazi ya msanii Urs Fischer. Watu wazima humpiga picha. Watoto wengine humkimbilia na wengine humkimbia, kwa hiyo msogelee polepole. Ndani ya uwanja huo huo wa Hamad kuna pia masanamu ya shaba ya Tom Otterness ambayo watoto wanaruhusiwa kuyapanda na kuteleza juu yake. Tumieni saa zenu za kusubiri hapo. Na huku Dar ulizeni mapema kigari cha mtoto mtakirudishiwa wapi, mlangoni mwa ndege Doha au Berlin kabisa, kwa sababu jibu hubadilika na njia za kule ni ndefu.

Mkifika Berlin, mama mdogo atakuwa anasubiri na gari la rafiki yake, na furaha, na hana kiti cha mtoto. Mwambieni wiki mbili kabla. Ujerumani sheria inataka mtoto akae kwenye kiti chake garini mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 150, na kumpakata nyuma kama tulivyozoea haikubaliki. Treni na basi havina shida hiyo, tena aliye chini ya miaka 6 husafiri bure. Ukiwa na kigari, ingia basi kwa mlango wa katikati.

Mwambieni pia asisumbuke kuagiza maembe. Umoja wa Ulaya hauruhusu nyama wala maziwa kutoka kwetu mizigoni, ila maziwa ya unga ya watoto na vyakula vyao, kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa, mpaka kilo 2 kwa mtu. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Anayesafiri na mtoto asikie hapo jambo moja tu: ndizi na tende zinapita. Mtoto aliyekataa trei nzima ya chakula cha ndege hatakataa ndizi.

Halafu usiku wa kwanza unakuja, na hauji. Mwishoni mwa Juni jua la Berlin huzama saa 3:30 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Saa yenyewe imetofautiana na ya Dar kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili haujapotea. Lililompotea mtoto ni giza. Maisha yake yote ameona jua likizama kati ya saa 12 na saa 1, kisha anaogeshwa, anakula uji, analala. Sasa unamwambia alale na nje ndege wanalia na watoto wa jirani wanaendesha baiskeli. Hawezi kukuelewa, na ana haki. Ziba dirisha kwa blanketi nene, mwogeshe, mpe uji wake wa saa ile ile, mfunike kanga ile ile. Mtengenezee jioni ya Dar ndani ya chumba kimoja. Mkienda Desemba mtakuta kinyume chake, giza linaingia kabla ya saa 10 alasiri na mkuu wa msafara anadai usingizi watu wakiwa bado kazini.

Nyumba ya mama mdogo ikagueni kwa magoti, kwa kimo cha mtoto. Meza ya kioo yenye pembe, kipasha joto cha ukutani, dirisha linalofunguka mpaka chini, mlango wa baraza. Sogezeni na fungeni kabla mazungumzo hayajakolea. Na kama mmefika Jumamosi, mtu aende dukani kununua pampasi siku hiyo hiyo. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa kwenye stesheni kubwa za treni, vituo vya mafuta na sehemu chache nyingine. Hakuna kuomba kwa Mangi wa mtaani, kwa sababu Mangi hayupo.

Hata hivyo, usiniambie kwamba kule hawapendi watoto. Ni kweli hakuna atakayemchukua mwanao mikononi bila kuulizwa. Lakini mtoe nje bila kofia mwezi wa Machi, na mabibi wawili kabla hujafika kona watakusimamisha wakuambie ana baridi. Ni bibi zetu wa Kariakoo kabisa, koti tu ndilo tofauti. Berlin ina viwanja vya michezo vya watoto zaidi ya 1,800, vingi vyenye mchanga, na vingine vina pampu ya maji ambayo mtoto mmoja anapiga na wengine wanachimba mifereji. Tangu 2011 sheria ya nchi inasema kelele za watoto kwenye viwanja hivyo na kwenye shule za awali kwa kawaida hazihesabiwi kuwa usumbufu. Nikiwa pale najiuliza kwa uchungu kwa nini jiji langu linaona kila uwanja mtupu kama mahali pa kuegesha magari. Mwanao atataka kushika mpini wa pampu asioufikia, mtoto asiyejua Kiswahili atakuja kumsaidia kuuvuta, na mchana wako umekwisha. Usihuzunike kwamba hamkuona Lango la Brandenburg.

Mahali pamoja tu nitakulazimisha uende. Jumba la makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, lina mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa hadi zaidi ya mita 13, na mifupa hiyo ni ya kwetu. Ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mamia ya vibarua wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mpandishe mwanao mabegani, mwonyeshe, mwambie huyu katoka kwetu, na utaje jina la Boheti. Atatazama juu kwa nusu dakika. Kisha ataomba kushuka, na atakaa chini kuchungulia tundu la hewa sakafuni mpaka mfunge ziara. Mwache achungulie. Jina umeshalitaja.

Liko jambo moja la hatari, na naliweka wazi. Mtoto aliyetoka Tanzania akipata homa Ulaya, neno la kwanza kumwambia daktari, kabla ya jina lake, ni kwamba mmetoka nchi yenye malaria. Daktari wa kule huona mafua kila siku na malaria kwa nadra, na kwa mtoto mdogo malaria kali haisubiri kesho. Omba kipimo cha damu, tena siku hiyo hiyo. Namba ya daktari wa zamu Ujerumani ni 116117, ya dharura ni 112; ziwe ndani ya simu zenu wote. Beba kipimajoto, parasetamoli ya watoto mliyoelekezwa kiasi chake kwa uzito wa mtoto, na pakiti za ORS.

Wakati wa kurudi masanduku yatakuwa na nafasi pale zilipokuwa pampasi, na mama mdogo atajaza nafasi hiyo kwa zawadi. Zitoeni kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, kwa kuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 1 Juni 2019, hata kwa anayeshuka na ndege. Nguo chafu za mtoto zikae kwenye mfuko wa kitambaa. Kadi ya kliniki iwe juu kabisa ya mkoba. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, na kama tarehe yake iliangukia siku za safari, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo mliyorudi, hata kama bado hamjafungua masanduku.